Chumba cha Mlango Mmoja

Bagamoyo, Mfunguo Sita 20, mwaka 1304 wa Hijra

Namtanguliza Mola katika jambo hili kama ninavyomtanguliza katika yote.

Mkwe wangu Salumu tulimzika juzi. Homa ilimkuta Mkange, alikokwenda kununua sandarusi. Akarudishwa kwa machela, wala hakukaa nyumbani siku mbili. Binti yangu Mardhiya ameingia eda. Atakaa miezi minne na siku kumi katika chumba cha ndani, kama alivyokaa mama yangu, na kama alivyokaa bibi yangu kabla yake.

Chumba hicho hakina dirisha. Nyumba hii ya mawe ilijengwa na babu yangu, na watu wa zama zake waliona kwamba mwanamke na mali huhifadhiwa nyuma ya ukuta mnene. Mlango ni mmoja, nao unatokea ukumbini. Mchana na usiku mle ndani ni kiza kilekile, basi taa haina budi kuwaka saa zote. Na desturi ya nyumba yetu ni kwamba taa ya eda haizimwi.

Nimeazimia kuandika kila linalohusu nyumba hii mpaka binti yangu atoke salama. Mwenye kuandika hawezi kusema baadaye kwamba hakuona.

Mfunguo Sita 23

Kaskazi imeanza kuvuma sawasawa. Vumbi mpaka ndani ya wino.

Mfunguo Sita 26

Taa ya zamani, ya mafuta ya ufuta, inatoa moshi, na moshi hauna pa kutokea. Mardhiya anakohoa. Leo dada yangu Mwanabaraka, ambaye ndiye mwenye amri ya nyumba tangu mke wangu alipofariki, ametoa taa ya kioo ya marehemu Salumu. Hiyo hutumia mafuta mapya yanayoletwa katika madebe. Nuru yake ni safi, siwezi kulikana hilo. Mardhiya ameweza kushona kofia.

Madebe yenyewe nimeyakuta chini ya ngazi. Kando yake yamelazwa magunia ya sandarusi, na sandarusi ni utomvu mkavu wa mti, ikishika moto huwaka kuliko kuni kavu. Juu ya magunia iko ngazi ya mbao, na juu ya ngazi liko paa la makuti la jiko letu la juu. Nikamwuliza Mwanabaraka ni nani aliyevipanga vitu hivi.

"Marehemu."

"Nawe ukaona ni sawa?"

"Mimi niliona vimepangika, kaka."

Mfunguo Saba 2

Magunia ni mali ya warithi. Nimewaita ndugu zake Salumu, wameyachukua mbele ya mashahidi. Madebe nimeyafukia uani nusu ya kimo chake, mbali na ukuta, na kuyafunika kwa jiwe. Mwanabaraka anauliza kama nayaogopa. Nimemjibu kwamba ndiyo.

Mfunguo Saba 5

Leo nilipita ukumbini nikamwona Mwanabaraka amepiga magoti kwenye mlango wa chumba cha ndani. Taa inawaka mbele yake, tundu la pembeni limefunguliwa, naye anamimina mafuta kwa birika. Nilipaza sauti, jambo ambalo silifanyi ndani ya nyumba.

"Unafanya nini?"

"Naongeza mafuta."

"Taa inawaka!"

"Ndiyo, kaka. Niizime, nayo ni taa ya eda? Mama aliongeza hivihivi miaka yote."

"Mama aliongeza mafuta ya ufuta."

"Mafuta ni mafuta."

Nilichukua vigae viwili uani. Katika kimoja nikatia mafuta ya ufuta, katika kingine mafuta ya debe, vyote nikaviacha juani kidogo. Nikasogeza kijiti chenye moto. Katika mafuta ya ufuta kijiti kilizama kikazimika. Katika yale mengine moto uliruka kabla kijiti hakijagusa. Nikamwambia auzime, akaumwagia kata nzima ya maji. Mafuta yakaelea juu ya maji, na moto ukasafiri nayo mpaka kwenye ufagio uliolazwa pale.

"Ufagio wangu!"

"Afadhali ufagio."

Nikatupa mchanga, moto ukafa papo hapo. Mwanabaraka akakiinamia kigae.

"Moto gani huu usioogopa maji?"

Nimeweka kanuni. Kuanzia leo taa zitakuwa mbili, ya marehemu na nyingine niliyoinunua dukani kwa Mhindi. Moja ikikaribia kuisha, ya pili itawashwa kutoka kwayo, kisha ya kwanza izimwe, ipoe, ijazwe uani mchana.

"Hapo taa ya eda si imezimwa?"

"Moto ni uleule. Umehama taa tu."

"Kaka, wewe kwa hoja humshindi mtu. Unamchosha."

Hata hivyo amekubali.

Mfunguo Saba 6

Kapu la mchanga nimeliweka mlangoni mwa chumba cha ndani. Wasilitumie kwa kazi nyingine yoyote.

Mfunguo Saba 11

Nimelala vibaya kwa kufikiri. Taa mbili ni jambo jema, na mchanga ni jambo jema, lakini yote mawili yanategemea mtu kutokosea. Ukumbi ukishika moto, Mardhiya hana pa kupita. Nilimwomba ahamie chumba cha mbele. Akasema, kutoka nyuma ya pazia, "Baba, chumba cha mbele kina wanafunzi wako barazani na wageni wako mlangoni. Nitakaaje eda sokoni?" Ni kweli.

Basi ukuta wa nyuma utobolewe. Nimemwita Fundi Mbaruku, mwashi. Huyu ana sifa mbili: ukuta wake haupindi, na ahadi yake haisimami. Akaugonga ukuta, akasema ni mawe ya pwani na chokaa ya kale, unene wa mkono mzima. Kazi hiyo anaiweza. Ila kwa ndani hawezi kuingia, kwa sababu mle yumo mwenye eda. Atachimba kutoka nje. Na nje ya ukuta ule ni ua wa Somoe, ambaye banda lake la jiko, la makuti, limeegemea ukuta wangu pale pale.

Mfunguo Saba 14

Somoe ni mjane wa miaka mingi. Hukaanga vitumbua vya kuuza, na ndiye kiongozi wa ngoma za wanawake mtaani petu. Ngoma hizo hunikatiza ninapofundisha, nami nimekwisha kumtumia maneno makali juu yazo zaidi ya mara moja. Juu ya jiko lake pia. Alinijibu wakati ule kwamba ukuta ni wangu lakini kivuli chake ni cha Mungu.

Leo nimemtuma Mbaruku kuzungumza naye. Amerudi anacheka.

"Anasema, Mwalimu ana miguu?"

Mfunguo Saba 15

Siendi.

Mfunguo Saba 17

Kaskazi kali. Siendi.

Mfunguo Saba 19

Jana alasiri moto ulizuka mtaa wa nyumba za makuti, upande wa kusini wa soko. Upepo uliurusha kutoka paa hadi paa. Nilikwenda na watu wa msikitini kubomoa mapaa mbele ya moto ili usipate pa kukanyaga. Mzee mmoja alikuwa akiita jina la mkewe mbele ya nyumba iliyokwisha kuanguka. Mkewe alikuwa nyuma yake, mzima, akimshika kanzu, wala yeye hakumsikia.

Leo baada ya adhuhuri nimekwenda kwa Somoe. Wanawake wawili walikuwa wakitwanga mchele.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo kaskazi imeleta kitu."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya ukuta."

"Najua. Ungekuja kwa ajili ya vitumbua ningeanguka."

Wale wawili wakacheka. Nikasema nataka kutoboa dirisha nyuma ya jiko lake, juu, karibu na boriti, ili ua wake usionekane.

"Juu kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa bakora.

"Kwani Mardhiya ameota mabawa?"

Nikasema kwamba dirisha huleta hewa na nuru pia.

"Mwalimu, hukuvaa joho jua hili kuja kuniomba hewa. Umeuona moto wa jana, nami nimeuona. Sema unachokitaka."

Nikasema, "Nataka binti yangu awe na pa kutokea."

Mchi ukasimama.

"Basi atokee huku. Chini, na kwa upana. Hata mimi nipite, na unaniona nilivyo. Na jiko langu?"

"Nitakujengea jingine, la udongo, upande wa pili wa ua."

"Na juu yake udongo pia. Usiniezekee makuti halafu uje kunihubiria."

Nimekubali. Nilipotoka alinipa vitumbua kwenye jani la mgomba. Nimempa Mwanabaraka, naye amevila vyote, kisha akasema vina chumvi kidogo.

Mfunguo Saba 27

Mbaruku ameahidi kuja kesho.

Mfunguo Saba 29

Mbaruku ameahidi kuja kesho.

Mfunguo Nane 4

Amekuja. Nimeketi juu ya kinu cha Somoe tangu asubuhi mpaka alasiri ili asiondoke. Wanawake wakaona kichekesho. Somoe akawaambia, "Msicheke. Huyu ndiye mnyapara wangu."

Mfunguo Nane 18

Jiko jipya limesimama. Lina kuta za udongo, na juu boriti nyembamba zilizokandikwa udongo na chokaa. Banda la makuti limebomolewa. Kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima nimeuona ukuta wetu wa nyuma wote. Umeingia weusi wa moshi mpaka kimo cha mtu.

Mfunguo Nane 26

Ukuta ni mgumu. Mbaruku anasema babu yangu hakuwa na haja ya kumchukia kiasi hiki fundi atakayekuja baada yake. Mardhiya anasikia mtarimbo ukigonga upande wa pili, naye hugonga mara moja kwa kijiko kujibu. Mbaruku hufurahi kama amelipwa.

Mfunguo Tisa 3

Umebaki unene wa shibiri moja. Mbaruku hataki kumalizia kabla ya kupata kizingiti cha mti mzuri cha kubeba mawe ya juu. Nimesifu uangalifu wake. Kizingiti kimeagizwa.

Mfunguo Tisa 6

Mbaruku amekwenda Kerege kwenye msiba wa mjomba wake. Kizingiti hakijafika. Kaskazi haijapungua.

Mfunguo Tisa 10

Naandika kwa taabu, kiganja cha kulia kimeungua. Lakini niliahidi kuandika.

Jana nilikuwa barazani, wanafunzi wamekwisha kwenda, jua bado halijatua. Nilisikia mvumo kama wa shuka kubwa inayokung'utwa, kisha Mwanabaraka akapiga ukelele. Nilipoingia ukumbini pazia la chumba cha ndani lilikuwa moto mtupu kutoka juu hadi chini. Mwanabaraka ameshika mtungi. Nikapiga kelele, "Usimwage!" Alikuwa amekwisha kumwaga. Moto ukaja kwenye sakafu kama kitu kilichoitwa, ukashika mikeka, ukashika mlango wenyewe.

Nililiendea kapu la mchanga. Lilikuwa na konzi mbili au tatu tu. Uliobaki ulikuwa umetumiwa kusugulia masufuria.

Nikaita, "Mardhiya!"

"Baba, siwezi kupita."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Hilo ndilo lililonitisha. Nikajaribu kuuvuta mlango, ndipo nilipoungua. Watu wa njiani wakaingia. Nikawaambia waje na mchanga wa barabarani, kwa vikapu, kwa vilemba, kwa chochote, wala asilete mtu maji. Nikaita tena. Alikohoa. Nikaita tena. Sikusikia kitu.

Kisha nikasikia mshindo kutoka nyuma, mzito, wa pili, wa tatu. Na sauti ya Somoe ikipita kwenye mawe, ile sauti inayonikatizia somo:

"Mardhiya! Toka ukutani! Lala chini, mwanangu, funika kichwa!"

Nilitoka mbio, nikauzunguka mtaa, nikaingia uani kwake bila kubisha. Walikuwa yeye na wale wanawake wawili wa mchele. Wameshika mchi wa kinu pamoja, watatu, na wanaupiga ukuta kwa wimbo. Naandika ukweli: waliimba, ili mikono iende pamoja. Somoe alikuwa akianzisha na wao wakipokea, na kila kipokeo mchi uligonga. Jiwe moja likaingia ndani. Likafuata la pili. Moshi ukatoka kwenye tundu kama pumzi. Nikashika mchi nyuma yao kwa mkono wangu mzima, na kama nilipokea wimbo au sikupokea, sikumbuki.

Tundu lilipofika upana wa mabega Somoe alilala kifudifudi, akaingiza mikono yote miwili na kichwa, akamvuta. Mardhiya alitoka mweusi kwa masizi, kichwa wazi, damu kwenye goti. Somoe akamfunika kwa nguo yake mwenyewe kabla sijafika, akanigeukia.

"Yu hai. Sasa geuza uso, Mwalimu, mimi mwenyewe siko vizuri."

Nikageuka, nikautazama ukuta. Mawe ya juu hayakuanguka, ingawa hapakuwa na kizingiti. Upande wa mbele mchanga ulikuwa umeushinda moto. Mlango na mikeka vimeteketea. Boriti za ukumbi zimeungua ngozi tu.

Mfunguo Tisa 13

Mwanabaraka hajala tangu siku ile. Leo nimeketi naye.

"Taa ya pili ilikuwa wapi?"

"Kioo chake kilipasuka asubuhi."

"Nawe ukaongeza mafuta katika hii inayowaka. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisomea."

"Ningekununulia kioo kingine."

"Ndiyo, kaka. Ungekinunua, na ungenisomea mpaka Rajabu."

Nilitaka kumjibu, na jibu nililokuwa nalo lilikuwa refu na limepangika vizuri. Nikamwambia tu ale. Akala.

Mfunguo Tisa 15

Mzee Muhidini na wenziwe wa msikitini wamekuja. Walikunywa kahawa, wakauliza hali ya mkono, wakazunguka. Mwisho Mzee Muhidini akasema:

"Mwalimu, watu wananong'ona. Mwenye eda ametoka. Na sasa analala kwa Somoe, kwenye nyumba ya ngoma. Wanauliza kama hesabu ya eda itaanza upya. Tumekuja kwako kwa sababu wewe hulegezi."

Nikasema, "Silegezi. Mwenye eda akihofia nafsi yake atatoka, na hesabu yake itaendelea pale ilipofika. Sheria hiyo ni kongwe kuliko mimi na wewe."

"Na kukaa kule?"

"Nyumba yangu haina mlango wala mikeka. Nyumba yenye stara iliyo karibu kuliko zote ni ile. Mwenye neno juu ya stara ya Somoe alete neno lake hapa barazani, mchana, mbele yangu."

Wakamaliza kahawa. Wakaaga.

Mfunguo Tisa 24

Usiku kuna ngoma kule, lakini wanaipiga taratibu kwa ajili ya eda. Nimesikia kicheko cha Mardhiya. Sikuwa nimekisikia tangu Salumu aende Mkange.

Rajabu 3

Mbaruku amerudi, ameleta kizingiti mwenyewe begani, na machozi. Nimemwambia machozi ayaweke, aanze kazi. Leo nyumba ya marehemu babu yangu haina mafuta chini ya ngazi, haina pazia karibu na taa, na taa ya chumba cha ndani imeingizwa katika kidaka cha ukutani, nyuma ya kioo, mahali mkono hauigusi ukipita. Jiko la juu tunalibomoa. Tutapika uani.

Rajabu 9

Mbaruku anataka kujua: tundu liwe dirisha au liwe mlango? Nimesema amwulize Somoe, maana ua ni wake. Somoe amesema aulizwe Mardhiya, maana goti ni lake. Mardhiya amesema mlango.

Rajabu 14

Mawingu upande wa bahari. Kaskazi imekufa.

Rajabu 20

Mlango umetiwa. Ni wa mti mtupu, bila nakshi, na komeo lake liko ndani. Mardhiya amerudi chumbani kumalizia eda yake. Mchana mlango huachwa wazi upande wa ua wa wanawake, na taa haihitajiki mpaka magharibi. Mwanabaraka ameipinga desturi hii mpya kwa siku moja. Sasa hukaa pale kizingitini akichambua mchele na kumwambia Somoe kwamba vitumbua vyake vina chumvi.

Wanaume wanne wa mtaani wameniomba wautazame ukuta. Mbaruku amewaahidi wote kesho.

Rajabu 25

Masika yameingia. Mvua mchana kutwa.

Rajabu 29

Eda ya binti yangu ilikwisha jana. Leo asubuhi alioga, akavaa nguo alizoletewa na wifi zake, akatiwa udi. Jamaa walikaa ukumbini wakimngojea atokee kwa mlango wa mbele, kama ilivyo ada. Hakutokea. Tukangoja. Nikaingia chumba cha ndani, nikakikuta kitupu, na mlango wa nyuma uko wazi.

Alikuwa katikati ya ua wa Somoe, amesimama kwenye mvua, uso ameuelekeza juu, nguo mpya zimemganda mwilini. Somoe alikuwa chini ya upenu wa jiko lake akigeuza vitumbua.

Nikasema kwa sauti, "Mardhiya, utalowa."

Hakugeuka. Somoe ndiye aliyenitazama, mwiko mkononi.

"Mwache alowe, Mwalimu."

Nilisimama kizingitini. Wageni walikuwa wakiniita ukumbini. Nikamwacha alowe.